Jina Kwenye Kadi ya Nyumba

Guangzhou, 12 Januari 2025

Kwa wifi yangu Kauthar, malkia wa ghorofa ya pili,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Najat, pamoja na lile goti lako linalouma siku za zamu ya kuosha ngazi tu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi imenishika mpaka kwenye meno.

Najua utauliza mbona sikupiga simu. Simuni sisi tunagombana kabla salamu hazijaisha, kisha mtandao unakatika, na kila mmoja anadhani mwenzake amemkatia makusudi. Kwenye karatasi angalau utanisoma mpaka mwisho ndipo unitukane. Jemimah, yule mama wa Nairobi anayekuja huku kununua nguo za watoto, atashuka Mombasa kutoa mzigo wake bandarini, na amekubali kuwa tarishi wetu. Mpe chai, lakini usimpe siri.

Habari za huku ni kwamba mwaka mpya wa Kichina umekaribia. Mafundi wa vile viwanda vidogo vya Kangle wameanza kurudi makwao, na vyerehani ninavyovisikia mwaka mzima vimenyamaza. Kwa mara ya kwanza nimesikia jirani yangu anavyokoroma.

Ndani ya mfuko kuna kalenda kumi. Usicheke. Kila mfanyabiashara huku huchapisha kalenda yenye picha yake, na huyo aliyesimama mbele ya duka ni mimi, kama hunitambui kwa sababu ya poda. Bandika moja sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa tu ataiona. Nyingine wagawie majirani, hasa wale waliosema sitafika popote.

Na chumba changu usikijaze magunia. Nitarudi.

Wifi yako,
Safia


Mombasa, 24 Februari 2025

Kwa wifi yangu Safia, bibi kalenda,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo. Najat anasoma, au anakaa mbele ya vitabu, sijui. Goti langu linakusalimu na linasema zamu ya ngazi wiki hii ilikuwa yako, maana kadi ya nyumba ina jina lako.

Kalenda zimefika na zimeisha. Mzee Ussi wa chini amebandika yake chooni, anasema huko ndiko anakokaa sana. Yetu nimeibandika sebuleni kama ulivyoagiza. Sasa sikiliza agizo lako lilivyonifanya.

Kuna ofisa mpya wa nyumba za kaunti, anaitwa Bwana Ernest, mtu mpole mwenye faili kwapani. Anapita mlango kwa mlango kuhakiki wapangaji. Nilijua atakuja, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa. Leso zako mbili nilizianika kwenye kamba, viatu vyako vya zamani nikavipanga mlangoni, na mswaki mpya nikauweka bafuni. Alipouliza uko wapi nikamwambia umetoka kidogo, umekwenda kumtazama mgonjwa. Nikamkaribisha ndani kwa mahamri na mbaazi, na kwa heshima zote nikampa kiti cha marehemu kaka yako Murshid.

Sasa, wifi, kile kiti kinatazama ukuta gani?

Alikula. Akainua macho. Akasoma kwa sauti, polepole, kila neno: "Safia wa Mombasa, Nguo za Jumla, Guangzhou, tangu 2017." Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, na huyo mgonjwa naye yuko Guangzhou?"

Nilitamani niingie ndani ya birika. Yeye alimaliza chai yake, akaongeza hamri la tatu, akaniachia karatasi moja. Nimeiweka kabatini. Si kitu.

Mvua haijanyesha, bomba la jikoni linavuja tena, na Ramadhani imekaribia. Tuombee.

Wifi yako,
Kauthar


Guangzhou, 18 Machi 2025

Kwa wifi yangu Kauthar, mganga wa wagonjwa wa Guangzhou,

Assalaam alaykum na Ramadhani karim. Huku tunafungua kwa tende na supu kule msikitini, na kila siku namkuta mtu wa pwani wa kugombana naye kuhusu namna ya kupika tambi. Barua yako nimeisoma dukani nikacheka mpaka laobanniang, yaani mama mwenye duka, akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia wifi yangu ameanika nguo zangu ili serikali inione. Akasema bibi yake angefanya vilevile.

Halafu nikaisoma mara ya pili, na kicheko kikaniisha. Kurasa mbili umezijaza mahamri na mbaazi, na hiyo karatasi ukaipa maneno mawili: si kitu. Mimi nakujua, Kauthar. Murshid alipolazwa pia uliniandikia "si kitu", na nikafika kaka yangu amekwisha kuzikwa.

Kodi si imelipwa kila mwezi? Basi watatutoa kwa lipi? Fungua kabati, nakili karatasi yote neno kwa neno, na usiniongezee sukari.

Wifi yako anayengoja,
Safia


Mombasa, 20 Aprili 2025

Kwa wifi yangu Safia,

Waalaykum salaam. Idi imepita salama. Najat amevaa lile gauni ulilomletea na limembana, maana wewe bado unampima kwa macho ya miaka mitatu iliyopita. Barua yako nimeipata juzi tu. Jemimah anaomba radhi, ilisafiri ndani ya katoni ya soksi, na katoni ilikaa forodhani wiki tatu.

Haya, bila sukari. Karatasi ilikuwa ilani ya kujieleza, siku thelathini. Zilikwisha kabla barua yako haijanifikia. Kwa hiyo nilivaa buibui langu jipya nikaenda mwenyewe ofisini kwa Bwana Ernest. Alinipa kiti, akanieleza kama mwalimu.

Kodi ni jambo moja, wifi, na hapo hatuna kosa. Lakini nyumba ya kaunti ni ya anayeishi ndani yake. Mpangaji akihama akamwachia mtu ambaye hayumo kwenye kadi, upangaji wake unaweza kukatishwa hata kama kodi haikukosa shilingi. Kwanza inakuja ilani ya kujieleza. Kisha ilani ya kukatisha upangaji, siku tisini. Zikiisha wanakwenda mahakamani, na bila amri ya hakimu hakuna wa kugusa hata kijiko changu. Nilimwambia hapo amenipa moyo. Akanijibu, "Mama, lakini mbele ya hakimu utasimama kama nani?"

Niliingia nyumba hii bibi harusi mwaka 2001. Nimezaa humu. Jeneza la mume wangu limetokea mlango huu. Na ndani ya faili la Bwana Ernest mimi ni mgeni aliyekaa sana. Iliniuma, sitaficha. Mama yenu alipofariki, wewe na Murshid mlikubaliana uandikwe wewe kwa kuwa ndiwe mkubwa, na mimi nilikuwa jikoni nikiwapikia chai ya makubaliano hayo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuuliza.

Njia ziko mbili. Moja ni wewe urudi uishi humu, wewe na masanduku yako, siyo leso. Ya pili ni uandike kwa mkono wako kwamba umeurudisha upangaji, utie sahihi mbele ya shahidi, ndipo mimi niombe kama mtu wa familia niliyekaa humu miaka yote hii. Ukishaurudisha hurudishiwi. Na hata mimi hawakuahidi kunikubali, maana kuna orodha ndefu ya wanaongoja.

Sikuombi lolote. Nakueleza tu.

Wifi yako,
Kauthar


Guangzhou, 2 Juni 2025

Kwa wifi yangu Kauthar,

Assalaam alaykum. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimeniandama. Wateja wamekuja kwa wingi, na kila mmoja anataka niwe naye. Soko la Shahe linaamka kabla ya alfajiri, kwa hiyo naswali na kukimbia. Wiki iliyopita nilimpeleka mteja mmoja wa Eldoret, anaitwa Rotich, kutafuta suruali za jinzi kule soko la Zhanqian. Yule binti muuzaji kila tukimwuliza anatujibu "mei you", yaani hakuna, huku ameyakalia mabunda yenyewe. Rotich akavua kofia, akaketi sakafuni mbele yake, akamwambia kwa Kikalenjin kwamba haondoki. Saa nzima. Mwishowe binti akainuka, akatupatia bunda zima na maji ya kunywa.

Kuna kitambaa kipya huku cha pazia, kizito, hakipitishi jua. Nimekukatia mita nane za rangi ya maziwa. Usiseme ni nyeupe, ni ya maziwa. Kile cha dirisha la chumbani kwangu nimekata kando, kwa kuwa dirisha lile ni pana zaidi, kama hukumbuki.

Joto limeanza na mvua haikatiki. Nimenunua mwavuli wa tatu. Mwambie Najat asiache hesabu, na mwambie Mzee Ussi aniondoe chooni.

Kuhusu lile jambo, tutazungumza.

Wifi yako,
Safia


Mombasa, 25 Juni 2025

Kwa wifi yangu Safia,

Waalaykum salaam. Tuko wazima.

Nimeipata barua yako ndefu. Sasa najua rangi ya maziwa, najua kofia ya Rotich, na najua una miavuli mitatu. Kuhusu nyumba nimetafuta mbele na nyuma ya karatasi: mei you.

Ilani ya pili imekuja tarehe 17. Siku tisini zinaisha 15 Septemba. Bwana Ernest ameileta mwenyewe, na safari hii amekataa chai, ndipo nikajua mambo yameiva.

Wifi, tumetaniana miaka ishirini na minne na sijawahi kukuogopa. Leo naogopa kukuuliza. Kama jibu ni hapana, liandike tu. Nitachukua mwanangu, tutakwenda Likoni kwa dada yangu, atatulaza sebuleni na atanihesabia vijiko, lakini tutaishi. Sitakununia. Nitakununia kidogo. Ninachoshindwa ni kungoja huku nikishona pazia la dirisha ambalo sijui atalifungua nani.

Na jambo moja sikukwambia. Leso zako sikuzianika kwa ajili ya ofisa peke yake. Nilianza zamani, mwaka aliofariki Murshid. Kamba ilikuwa na nguo chache mno.

Niandikie.

Kauthar


Guangzhou, 5 Agosti 2025

Kwa wifi yangu Kauthar,

Assalaam alaykum. Namwomba Mungu barua hii isipande katoni ya soksi. Nimemwambia Jemimah aiweke kwenye mkoba wake, karibu na pasipoti, na nimemwona kwa macho yangu akiiweka. Mpe biriani safari hii.

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kukulaumu, maana mtu asiye na la kusema hulaumu. Ya pili ilikuwa ya bei za vitambaa.

Lile duka la kwenye kalenda si langu. Ni la laobanniang. Mimi nawaongoza wateja, nawatafsiria, nawabebea sampuli, na ananipa kiti na kona ya meza. Siku ya picha aliniruhusu nisimame mlangoni, akanipaka poda yeye mwenyewe, kisha akasogea pembeni asionekane. Miaka minane nimewaandikia "dukani", na ninyi mmeniita tajiri, na mimi nimenyamaza kwa sababu jina lilikuwa tamu.

Nyumba huku nimehama mara nne. Hapa mwenye nyumba akikutaka utoke, unarudi kutoka sokoni unakuta karatasi imebandikwa mlangoni, na wiki ijayo unabeba sufuria zako kwenye toroli. Hakuna Bwana Ernest, hakuna siku tisini. Mwezi wa tano nimehama tena, ndiyo sababu barua ya Juni ilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nakuandikia nikiwa nimekalia sanduku.

Na kila nilipohama nilijiambia: si kitu, kuna mlango mmoja duniani wenye jina langu. Ndiyo maana sikukujibu, wifi. Si kwamba nilikuonea choyo nyumba. Nilikuwa naona nikitia sahihi tu, mimi nitakuwa mtu wa masanduku mpaka kufa. Nililia, na laobanniang akafunga duka mapema tukala tambi.

Halafu nikakumbuka kwamba mlango huo unaoniliwaza, wewe ndiye unayeufungua kila asubuhi. Wewe ndiye uliyemwosha mama yangu alipokuwa hawezi kuinuka, na wewe ndiye uliyekaa na kaka yangu mpaka mwisho. Mimi nilikuwa na jina tu. Nisamehe kwa ile chai ya makubaliano. Tungepaswa kukuita ukae nasi.

Barua ya kurudisha upangaji iko ndani ya bahasha ya pili. Nimeiandika kwa mkono, Jemimah ametia sahihi kama shahidi. Ipeleke kabla sijabadili nia. Nakutania. Ipeleke hata nikibadili.

Pazia la chumba kile fanya utakavyo. Najat amekua, anahitaji chumba.

Wifi yako asiye na kadi,
Safia


Mombasa, 21 Septemba 2025

Kwa wifi yangu Safia,

Waalaykum salaam warahmatullah. Sisi wazima, na Najat amepita mtihani wa hesabu, ameshangaa kuliko sisi.

Jemimah alifika tarehe 9, amekula biriani sahani mbili na ameomba ya kubeba. Bahasha zako nimezifungua nikiwa peke yangu. Kwanza niliisoma ile ya ofisi, kwa sababu niliogopa ile yangu. Kisha nikaisoma yangu, nikafunga mlango wa jikoni, nikalia mpaka wali ukaungua.

Kuhusu duka, nilijua. Nyuma yako pale mlangoni zimetundikwa suti za wanaume, na wewe katika maisha yako hujawahi kuuza hata soksi ya mwanamume. Nilijua siku ile ile na nikaibandika ukutani vilevile, kwa sababu ulipendeza. Majirani hawajagundua. Siku wakigundua nitawaambia umepanua biashara.

Barua yako niliipeleka kwa Bwana Ernest tarehe 11. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema amewatoa watu wengi na amewahi kuona ndugu wakishtakiana kwa chumba kimoja, na hajawahi kuona wifi akimwandikia wifi hivi. Akaniuliza, "Mnapendana hivi siku zote?" Nikamwambia hapana, ni kwa sababu yuko mbali.

Tarehe 18 niliitwa mbele ya kamati, watu watano, na maji ya chupa. Niliulizwa nimeishi humo tangu lini, nikawapa cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya Najat na risiti zote za kodi ndani ya bati la biskuti. Mama mmoja wa kamati alinusa lile bati akasema linanukia iliki. Waliniambia ningoje nje. Nilingoja saa mbili na nusu, goti likiniuma kwelikweli, siyo la ngazi. Kisha wakaniita. Wamenikubali, Safia. Ilani imefutwa. Kadi mpya ninayo mkononi, na jina ni langu. Nimelisoma zaidi ya mara mia, na kila nikilisoma nakutafuta unapokaa wewe humo.

Chumba chako Najat amekataa kuhamia. Anasema ana shangazi, na shangazi ana chumba.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo la muhimu. Pamoja na kadi nilipewa fomu, na mwisho wake kuna nafasi ya mtu mzima mmoja atakayepewa nyumba mimi nikifa. Najat hajatimiza miaka kumi na minane. Nimeandika Safia, wifi. Bwana Ernest akasema vizuri, mama, ila mtu huyo hawezi kuandikwa tu. Lazima awe ameishi ndani ya nyumba mwaka mzima kabla mpangaji hajafariki, na safari hii atakuja kuhakiki mwenyewe na hatakula hamri.

Mimi nina miaka hamsini na mitatu. Nina presha, nina goti, na daktari amenikataza chumvi. Kama unataka mwaka wako utimie, wifi, kata tiketi sasa, kwa sababu mimi sitaahirisha kufa kwa ajili ya uvivu wako.

Kitanda nimekitandika.

Wifi yako, mpangaji,
Kauthar